Swali jema hubeba 'mbona' yake

KISWAHILI kina neno dogo ambalo vitabu vya sarufi hulipitia mbio kama matatu inavyokipita kituo kisicho na abiria. Neno lenyewe ni 'mbona'. Katika orodha za viulizi huwekwa mwishomwisho, baada ya 'nani', 'nini', 'lini', 'wapi' na 'kwa nini', kisha mwanafunzi huambiwa kwamba maana yake ni sawa na 'kwa nini'. Basi, mambo yameisha. Anafunga kitabu akiamini kwamba anaweza kuweka moja mahali pa jingine bila hasara yoyote.

Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Hebu tuyapime. Mtu akiuliza, "Kwa nini Juma hakuja?" anataka sababu. Akiuliza, "Mbona Juma hakuja?" anataka sababu pia, ila ameshatuambia mambo mawili kabla hatujamjibu: kwamba alimtarajia Juma, na kwamba kilichotokea kimegongana na alichokitarajia. 'Kwa nini' inaweza kuulizwa na mtu asiyejua lolote kumhusu Juma. 'Mbona' haiwezi. Anayesema 'mbona' ameshika jambo moja mkono wa kulia na jambo jingine mkono wa kushoto, na ameona kwamba hayaoani.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu nataka kulifanya mizani. Siku hizi maswali ya lugha huulizwa hadharani, katika makundi ya walimu kwenye simu na katika kurasa za wapenzi wa Kiswahili mtandaoni. Wengi huuliza, wachache hujibu, na majibu hubaki pale yakisomwa na watu ambao hawakuuliza. Ni jambo jema. Lakini ukiyasoma maswali yenyewe kwa makini, utaona kwamba mengi hayafai kuulizwa jinsi yalivyoulizwa, na kwamba ubovu wa majibu tunaoulalamikia kila uchao huanzia kwenye swali. Sasa, swali lipi linafaa kuwekwa mbele ya kadamnasi ya watu wasiojuana? Jibu langu ni fupi: linalobeba 'mbona' yake.

Chukua swali ambalo kila mwalimu wa Kiswahili ameulizwa angaa mara moja: "'Rafiki yangu' au 'rafiki wangu', lipi ni sahihi?" Mmoja atajibu 'rafiki yangu'. Wa pili ataruka na kusema eti rafiki ni mtu, na watu wako katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo ni 'rafiki wangu'. Wa tatu ataleta jina la mwalimu aliyemfundisha. Ujumbe wa ishirini ukifika, watu wanatupiana vijembe na hakuna aliyejifunza kitu. Aliyeuliza aliomba hukumu, akaletewa mahakimu.

Sasa ligeuze swali lilo hilo: "Tunasema 'rafiki mwema amefika', upatanisho wa A-WA. Mbona basi kimilikishi kinakuwa 'yangu' wala si 'wangu'?" Hapo anayejibu hana pa kujificha. Hawezi kutaja ngeli tu na kwenda zake, kwa kuwa ngeli imeshatajwa. Atalazimika kueleza kwamba majina ya jamaa na watu wa karibu yasiyo na kiambishi cha m- katika umoja, kama baba, mama, dada, ndugu na rafiki, hubaki na vimilikishi vya mtindo wa I-ZI: baba yangu, dada yake, ndugu zetu. Vivumishi na vitenzi vyake ndivyo hufuata A-WA. Na muulizaji mwerevu hataishia hapo. Atasema: mbona 'mume wangu' na 'mjomba wangu', nao si jamaa? Jibu ni kwamba hayo yana m-. Mbona 'daktari wangu', naye hana m-? Jibu ni kwamba daktari si jamaa. Kila 'mbona' imeisukuma kanuni hatua moja mbele, na mtu wa tatu atakayeyasoma hayo mwaka ujao ataondoka na kanuni nzima.

Tazama pia kilichobadilika kwa anayejibu. Katika swali la kwanza alichohitaji ni ujasiri tu. Katika la pili anahitaji ujuzi. Hiyo ndiyo kazi ya swali jema hadharani: humchuja anayejibu kabla hajafungua kinywa.

Kwa nini basi hatuulizi hivyo? Naona sababu mbili, na zote mbili tumelelewa nazo.

Ya kwanza ni shule. Utotoni tulitegeana vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" wenzake wakaitikia, "Tega!" Wakishindwa kutegua, hudaiwa mji, kisha hupewa jibu. Mchezo huo ni mtamu na una hekima yake, lakini tuangalie umbo lake: anayeuliza analo jibu tayari. Hatafuti kitu. Anawapima wengine. Mtihani wetu umejengwa juu ya umbo hilo hilo, ila mwenye kutega sasa ana mwongozo wa kusahihisha. Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, yaani 102/3, mtahiniwa hukutana na agizo la 'thibitisha ukweli wa kauli hii'. Ukweli umeshaamuliwa, kilichobaki ni kuhesabu hoja. Hakuna nafasi ya kijana kusema kwamba kauli yenyewe ina walakini, kwamba riwaya haiiungi mkono kikamilifu. Miaka 12 mtoto hujibu maswali ya watu wengine, na katika miaka hiyo yote ni nadra apewe alama hata moja kwa kuuliza lake.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 umejaribu kulitibu jambo hili. Katika miundo ya mtaala huo kuna safu iliyotengewa 'maswali dadizi'. Jina ni zuri. Lakini maswali hayo dadizi yameandikwa tayari na watayarishaji, yakapewa mwalimu, naye ayapeleke darasani. Udadisi ulioandikiwa mtu si udadisi wake. Ningefurahi kuiona safu hiyo ikiwa tupu, ijazwe na watoto wenyewe.

Sababu ya pili ni adabu, au tuseme namna tulivyoielewa adabu. 'Mbona' ina ukali ndani yake. Mzazi husema, "Mbona hujaosha vyombo?" na mtoto anajua fika kwamba hilo si swali, ni lawama. Kwa hivyo mtoto akimwambia mwalimu, "Mbona jana ulisema vingine?" anaonekana mjuaji, mtoto asiye na heshima. Atanyamazishwa, na somo atakalobaki nalo ni kwamba kuuliza kwa heshima ni kuuliza kwa ujinga: jifanye hujui lolote ndipo usamehewe. Nasi tunajua kusema kuwa kuuliza si ujinga, na kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali tunazo. Tunachokosa ni kumzoesha mtoto namna ya kuileta 'mbona' yake bila kumvunjia mkubwa heshima. Wala si kazi ngumu. "Samahani Mwalimu, nilielewa hivi, na leo naona vile, naomba unisaidie nioanishe" ni 'mbona' iliyovaa kanzu. Ukali umeondoka na maana yote imebaki.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo yetu peke yetu. La hasha. Waliokuna kichwa sana kuhusu swali lifaalo ni waandishi wa programu za kompyuta. Mwaka wa 2008 Wamarekani wawili, Jeff Atwood na Joel Spolsky, walianzisha Stack Overflow, mahali ambapo mwandishi wa programu aliyekwama huuliza na wenzake wasiomjua humjibu bila malipo. Waliweka masharti makali. Swali liwe la tatizo halisi ambalo muulizaji analo. Aonyeshe alichojaribu na kilichotokea. Liwe moja, wala si matano yaliyofungwa kitita. Lisiwe limeshajibiwa. Na lisiwe la aina ambayo kila jibu linafaa sawa na jingine, kama vile kuuliza watu wanapenda nini. Swali lililokiuka masharti hufungwa.

Linganisha na Yahoo Answers, iliyoanza mwaka wa 2005 na kufungwa Mei 2021. Pale karibu swali lolote lilipita: la hesabu, la mapenzi, la mzaha. Nayo ilifahamika zaidi kwa vichekesho vyake kuliko kwa elimu yake. Stack Overflow, kwa upande mwingine, ikawa maktaba ambayo waandishi wa programu duniani kote waliifungua kila siku, wengi wao wakiwa hawajauliza swali hata moja.

Je, tuyachukue masharti hayo jinsi yalivyo na kuyaweka kwenye maswali ya Kiswahili? Hapa ndipo ninaposita. Programu ama inafanya kazi ama haifanyi. Ukimpa mtu jibu bovu, mashine itamuumbua dakika hiyo hiyo. Lugha haina mashine ya namna hiyo. Mtu anaweza kutembea na jibu bovu la Kiswahili kwa miaka 30, alifundishe, alitungie mtihani, na dunia isitikisike. Kwa sababu hiyo swali la lugha linahitaji kitu ambacho swali la programu hukipata bure: lazima lenyewe liseme ni ushahidi wa aina gani utakaolimaliza.

Hakuna mfano mzuri zaidi kuliko swali tunalolipenda kuliko yote: "Kiswahili kilitoka wapi?" Nimelisoma mara nyingi, na kila mara ugomvi ni ule ule. Mmoja anasema Uarabuni. Mwingine anasema ni lugha ya Kibantu, tena anaudhika. Mwingine anasema Unguja. Wote wanashangiliwa na wafuasi wao. Na ukichunguza, kumbe wote wana jambo, ila kila mmoja anajibu swali tofauti, kwa sababu ndani ya swali hilo moja mmejificha manne.

La kwanza ni la jina. Jina 'Swahili' linatokana na neno la Kiarabu 'sawahil', yaani pwani nyingi, na msafiri Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 alilitumia kuuita upwa huu. Kuna maelezo mengine matamu, kwamba jina lilitokana na 'siwa hili'. Yanapendeza masikioni, lakini muulizaji anayesema, "Nataka ushahidi wa maandishi ya kale," huyamaliza papo hapo. Asiyesema hivyo hupewa 'siwa hili' na kuondoka nayo akishukuru.

La pili ni la sarufi. Hili hujibiwa kwa kuangalia ngeli na upatanisho. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilishughulikia kwa kina katika kitabu chao cha 1993 kuhusu kundi la Sabaki, ambamo Kiswahili kimo pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Mgiriama husema 'mutu' na 'atu' pale tunaposema 'mtu' na 'watu'. Huo ni udugu wa damu, si ujirani. Hata neno tulilolikopa Uarabuni tumelivalisha nguo zetu: 'kitabu' ni la Kiarabu, lakini ki- yake tuliichukulia kama kiambishi cha ngeli, tukapata 'vitabu'. Mwarabu hana 'vitabu'.

La tatu ni la msamiati, na hapo Kiarabu kina fungu kubwa, Kiajemi kina 'bandari', Kireno kina 'meza' na 'gereza'. La nne ni la usanifu: lahaja ya Unguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa mwaka wa 1930 kuisimamia kazi hiyo. Kwa hivyo anayesema Unguja hakosei akiwa anajibu la nne. Anakosea akidhani amejibu la pili.

Swali moja, majibu manne ya kweli, na watu wakagombana. Aliyewagombanisha ni muulizaji. Angeuliza, "Kama nusu ya maneno ninayoyasikia sokoni Mombasa yana asili ya Kiarabu, mbona wanaisimu wanakiweka Kiswahili katika lugha za Kibantu?" angekuwa ameshawaambia watu wasimletee habari za jina wala za Unguja. Wangemletea sarufi, akafahamu kwamba nasaba ya lugha huamuliwa na mifupa yake kuliko mavazi yake.

Lugha yetu ina vyombo vya kulipunguza swali mpaka likashikika, tatizo ni kwamba tunavitumia ovyo. Tofauti ya 'gani' na '-pi' ni mfano. Ukiuliza, "Kamusi gani?" unauliza ya aina gani, ya namna gani. Ukiuliza, "Kamusi ipi?" unataka moja ichaguliwe miongoni mwa zinazojulikana. Sasa soma swali hili: "Ninunue kamusi gani?" Mlango uko wazi kabisa, kila mtu ataingia na kamusi yake. Halafu soma hili: "Mwanangu yuko Kidato cha Pili na nina pesa za kamusi moja. Kati ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu na Kamusi Kuu ya Kiswahili, ipi itamfaa zaidi kwa maneno yanayotumika Kenya?" Bado ni swali la maoni, nakubali. Lakini anayejibu atalazimika kuzifungua zote mbili, atafute 'tarakilishi', atafute 'rununu', alete alichokiona. Maoni yenye sababu ni elimu. Hata wale wa Stack Overflow walilitambua hilo mapema. Mwaka wa 2010 walieleza kwamba swali la maoni linakubalika iwapo linaita maelezo ya 'kwa nini' na 'vipi' yanayotegemea tajriba na ushahidi.

Vivyo hivyo na 'je'. Swali la 'je' huomba ndiyo au la. "Je, 'wakilisha' na 'wasilisha' ni neno moja?" La. Kisha kimya. Lakini mtu akisema, "Nimesoma mahali kwamba mswada uliwakilishwa bungeni, na pengine kwamba mbunge huwakilisha eneo lake. Mbona kitenzi kimoja kinafanya kazi mbili zisizofanana?" ataambiwa kwamba mswada huwasilishwa, yaani hufikishwa, ilhali mbunge huwakilisha, yaani husimama badala ya watu. Tena atajua ni wapi kosa hutokea, na ataliona likija.

Kuna pia swali linaloficha swali jingine. Kijana anaomba atafsiriwe sentensi moja ya Kiingereza, neno kwa neno. Anatafsiriwa. Anaipeleka, na inasomeka kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Kumbe alikuwa akiandika barua ya kuomba kazi! Lau angesema hivyo tangu mwanzo, angeonyeshwa namna barua rasmi ya Kiswahili inavyofunguliwa, na ile sentensi ya Kiingereza asingeihitaji kabisa. Tunapouliza tuna mazoea ya kuleta njia tuliyoichagua na kuficha safari yenyewe. Sema unakokwenda. Pengine anayekujibu anajua njia ya mkato.

Msomaji aliyefika hapa anaweza kuniuliza, naye ana haki: sasa anayeanza afanyeje? Mwanafunzi asiyejua ngeli ni nini ataitoa wapi hiyo 'mbona'? Hapa ndipo ninapowageukia wanaojibu, kwa maana wao ndio ninaowalaumu zaidi.

Masharti ya kuuliza yana tabia ya kugeuka rungu. Wanaojua hulishika, wakalipiga kila kichwa kinachochomoza. Stack Overflow yenyewe ilifikia hapo: Aprili 2018 kampuni ilikiri hadharani kwamba watu wengi, hasa wageni na wanaoanza, waliona mahali pale ni pa uhasama na majivuno. Na sisi wa Kiswahili tuna rungu letu. "Fungua kamusi." "Hilo ni swali la darasa la nne." "Kiswahili chenyewe ulichoulizia kimejaa makosa." Mtu ameuliza kuhusu kimilikishi, anakosolewa tahajia! Ataondoka, na hatarudi. Na pengine kamusi hana, au anayo ya rafu za zamani na haina neno analolitafuta.

Kosa la hao wenye rungu ni kudhani kwamba swali bichi ni swali baya. Swali baya ni lile ambalo mwenyewe hataki likomae. Swali bichi linahitaji mtu wa kuliuliza swali: "Umelisikia wapi? Sentensi nzima ilikuwaje? Wewe ulidhani ni nini?" Maswali matatu, adabu kidogo, na anayeanza ameipata 'mbona' yake. Katika mapokeo yetu ya malumbano ya mashairi jambo hili lilikuwa la kawaida. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu, na hadi leo katika kurasa za mashairi za magazeti malenga mmoja hutoa swali na mwingine humjibu kwa bahari ile ile. Kujibu kwa vina na mizani za muulizaji ni kukiri kwamba umelisikiliza swali lake mpaka silabi ya mwisho. Sidai tujibizane kwa mashairi. Nataka usikivu huo.

Jambo hili limekuwa la dharura kwa sababu sasa kuna mjibu mpya. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, watu wengi wameacha kuwauliza watu. Maswali mapya kwenye Stack Overflow yamepungua sana. Ninaelewa sababu: mashine haikukaripii, haikuambii ufungue kamusi. Lakini ina tabia moja inayonitia wasiwasi. Mara nyingi hulijibu swali jinsi lilivyokuja. Ukiipelekea swali lenye manne ndani yake, inaweza kukuletea uji uliochanganywa yote manne, laini, usio na mfupa. Nayo ilijifunza kutoka kwa maandishi ya watu, yakiwemo maswali na majibu yao. Waandishi wa programu waliiachia hazina ya miaka mingi. Sisi tumeiachia nini kwa Kiswahili? Tumeiachia mabishano ya 'rafiki wangu', na siwa hili. Mtoto wa Kakamega au Kwale atakayeiuliza kuhusu lugha yake kesho atajibiwa kwa kile tulichokiacha.

Kwa hivyo kwa walimu nina ombi moja ambalo haligharimu chochote. Mara moja kwa wiki, dakika 10 za mwisho za kipindi, msiulize kitu. Waambieni wanafunzi waandike swali moja moja kuhusu somo la siku hiyo, kwa sharti moja: liwe na 'mbona', na 'mbona' hiyo iwe na mambo mawili waliyoyaona yasiyopatana. Wengi watashindwa wiki ya kwanza, maana hakuna aliyewahi kuwaomba. Yasomeni yale machache yatakayopatikana, na lile msiloweza kulijibu liandikeni ubaoni na kulipeleka kwa wenzenu mtandaoni likiwa hivyo hivyo. Huenda likawa swali la kwanza kwa muda mrefu ambalo hakuna aliyeliandalia jibu.